Mirathi huamuliwa siku ya kumteua msimamizi: kisa cha wajane wawili wa Kisukuma

Matanga yakishaanuliwa, kabla wageni wa mbali hawajaondoka, kikao cha ukoo hukaa. Huzungumzwa madeni ya marehemu, huzungumzwa watoto, kisha huulizwa ni nani atakayesimamia. Hilo la mwisho hupita upesi kuliko yote. Kaka wa marehemu anatajwa, mzee mmoja anaunga mkono, mtu anaandika muhtasari kwenye karatasi ya daftari, waliohudhuria wanatia sahihi. Mjane, ambaye bado macho yamemvimba kwa kulia, anasogezewa kalamu. Naye anatia sahihi.

Nimekaa na wajane ambao wakisimulia jinsi nyumba ilivyowatoka mikononi huanzia pale mnunuzi alipokuja kupima kiwanja. Ukirudi nao nyuma hatua kwa hatua, mnafika kwenye karatasi ile ya daftari. Ndiyo maana nataka tukichambue kwa kina kisa cha wajane wawili ambao kumbukumbu za Umoja wa Mataifa zinawataja kwa herufi tu, E.S. na S.C. Shauri lao lilitoka nyumbani kwao, likapanda hadi Mahakama Kuu Dar es Salaam, likaenda Mahakama ya Rufani, na mwisho likafika Geneva. Ukilifuata, unaiona mirathi ya Tanzania yote, mazuri yake na mahali inapomwangusha mtu.

Wote wawili walifiwa na waume. Walikuwa na watoto wadogo. Sheria iliyohesabiwa kuwa inawahusu ni ya kimila, kwa kuwa familia zilikuwa za Kisukuma. Kwa sheria hiyo hawakuweza kuwarithi waume zao, wala hawakuweza kusimamia mali walizoacha. Wakwe wakawatoa kwenye nyumba walizokuwa wakiishi, wao na watoto wao.

Lazima tujue kwanza sheria hiyo ilitoka wapi, maana wengi wanaposikia "mila" wanadhani ni maneno ya wazee tu, kitu kinachoweza kupuuzwa mahakamani. Sivyo. Mwaka 1963 Serikali ilikusanya mila za makabila mengi ya upande wa baba ikaziandika na kuzitangaza kama sheria, kwa Tangazo la Serikali Namba 436. Jedwali la pili la tangazo hilo ndilo linalohusu urithi. Humo imeandikwa kwamba msimamizi wa mirathi kwa kawaida ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake, na wasipokuwepo, mwanaume mwingine wa ukoo atakayechaguliwa kwa msaada wa baraza la ukoo. Imeandikwa kwamba warithi wako katika madaraja matatu, na mabinti wamewekwa daraja la tatu, la mwisho. Kuhusu mjane, kanuni ya 27 inasema kwamba iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, mjane hana fungu katika urithi. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Soma tena hiyo ya mwisho, kisha ufikirie mtoto wa kwanza wa mjane ana miaka sita. Nani atamtunza nani?

Sasa tuangalie mirathi inavyofunguliwa. Mtu akifa, mali yake haina mwenye mamlaka mpaka mahakama imteue mtu. Mke hana mamlaka hayo kwa kuwa mke, kaka hana kwa kuwa kaka, wala mtoto wa kwanza. Benki haitatoa pesa, Msajili wa Hati hatagusa hatimiliki, na mdaiwa wa marehemu ana haki ya kukataa kumlipa yeyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Ya pili ni kwenda mahakamani kuomba usimamizi. Kama sheria itakayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake inaweza kusikiliza, na mamlaka hayo yanatoka kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Nje ya hapo, ombi hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kutegemea thamani ya mali, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352.

Katika Mahakama ya Mwanzo mwombaji anajaza Fomu Namba 1. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa hakimu anahoji: marehemu ameacha nani, ameacha nini, kuna wosia, nani anapinga? Akiridhika anatoa barua ya usimamizi, ambayo ni Fomu Namba 4, na msimamizi anaweza kutakiwa kuapa na kuweka wadhamini. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayesimama mahali pa marehemu, na anaweza kudai, kudaiwa, kukusanya na hata kuuza.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanaipita hatua hii wakikimbilia mgawo. Wanadhani ugomvi utakuwa siku ya kugawa. Lakini anayegawa ni msimamizi, na orodha ya nini kiko katika mirathi na nini hakimo inaandikwa na yeye. Akiamua kwamba lile shamba la bondeni lilikuwa la ukoo na si la kaka yake, litapotea kwenye orodha bila kelele. Akiamua kwamba yule mtoto wa nje hatambuliki, jina lake halitaandikwa. Mjane atayajua hayo miezi mingi baadaye, akiwa tayari amerudi kwao.

Kwa E.S. na S.C. mlango huo ulifungwa mapema. Sheria iliyotumika ilikwisha kuamua ni upande gani utasimamia, na upande wenyewe ulikuwa ule ule unaofaidika mjane akikosa. Mtu anayegawa na mtu anayepata wakiwa wa nyumba moja, na sheria ikawaambia kwamba mjane hana fungu, kuna haja gani ya kumdhulumu? Inatosha kuifuata sheria. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika kisa hiki. Tumezoea kumlaumu shemeji mwenye tamaa, na mashemeji wa namna hiyo wapo tele. Lakini hapa hata shemeji mwema, anayesali, anayempenda shemeji yake, angeweza kufungua kitabu akasema: ningependa, ila haimo.

Na bado kulikuwa na nafasi. Jedwali la Tano la Sura ya 11 linaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kumteua mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi, kwa kuombwa au kwa hiari ya mahakama yenyewe, na inapoona si busara kumteua yeyote kati ya hao, imteue mtu mwaminifu asiye na upande. Halisemi mwanaume. Halisemi kaka. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao mahakimu wengi huudai kabla hata ya kuipokea fomu, ni mazoea yanayomsaidia hakimu kujua familia ina msimamo gani. Haumfungi. Leo wajane wengi wanateuliwa, peke yao au pamoja na mtu wa upande wa mume, na mahakimu wanaofanya hivyo hawavunji sheria yoyote. Mjane akijua hivyo kabla ya kikao, anaweza kukaa akasema, "Baba zangu, nawaheshimu, lakini naomba niwe mmoja wa wasimamizi." Wakikataa, anaweza kwenda kuweka pingamizi mahakamani siku ile ile ombi la shemeji linaposikilizwa.

Swali la pili ambalo lingeweza kubadilisha kila kitu ni hili: kwa nini sheria ya kimila? Tuseme marehemu ameacha nyumba ya shilingi milioni 96, mke mmoja na watoto. Kwa sheria ya kimila ya mwaka 1963 mjane hapati kitu. Kwa sheria ya Kiislamu anapata sehemu moja ya nane, yaani milioni 12. Kwa sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa Waingereza na bado inatumika kwa wasio chini ya mila wala Uislamu, anapata theluthi moja, yaani milioni 32, na watoto wanagawana theluthi mbili sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Mjane ni yule yule na nyumba ni ile ile. Kilichobadilika ni jibu la hakimu kwa swali moja tu.

Swali hilo mahakama hulijibu kwa kuangalia marehemu aliishi vipi, na alikusudia mali yake igawanywe vipi. Kabila peke yake halitoshi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua mirathi ya Mngoni aliyeishi jijini mbali na kwao, ikasema kwamba mwenendo wa maisha yake ulionyesha amejitenga na mila, kwa hiyo mila isitumike. Uamuzi huo ni wa zamani kuliko wengi wanaosoma haya. Hata hivyo nimeona ndugu wakifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa mtu aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini miaka 30 na kuzikwa na padri, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza. Mirathi ikishafunguliwa Mahakama ya Mwanzo kama ya kimila, kila mtu anaendelea na safari kama vile njia ni hiyo moja.

E.S. na S.C. walichagua njia ngumu zaidi. Hawakusema mila isitumike kwao tu. Kwa msaada wa mawakili wa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, walifungua shauri Mahakama Kuu ya Dar es Salaam wakiomba kanuni zenyewe za tangazo la 1963 zitamkwe kuwa zinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia.

Hukumu ilitoka Septemba 2006. Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, ikasema hivyo bila kuficha. Kisha ikakataa kuzifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na kwamba ikigusa hii moja itakuwa imefungua mlango kwa mila zote zenye sura ya ubaguzi katika makabila zaidi ya 120 ya nchi hii. Ikaelekeza kwamba kazi hiyo ianzie kwenye halmashauri za wilaya, ambazo sheria inaziruhusu kupendekeza marekebisho ya mila zilizoandikwa.

Sikubaliani na hoja hiyo, na sababu yangu si hisia tu. Miaka 16 kabla yake, Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikutana na tangazo hilo hilo katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa kanuni ya 20 mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Jaji Mwalusanya alisema kanuni hiyo inagongana na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaisoma upya ili mwanamke awe na haki sawa na mwanaume ya kuuza. Mbingu hazikuanguka. Makabila 120 hayakujipanga mlangoni. Kilichowezekana Mwanza kwa kanuni ya 20 kingewezekana Dar es Salaam kwa kanuni ya 27.

Wajane wakakata rufaa. Rufaa ikakaa miaka. Desemba 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya kimaandishi katika hati ya amri iliyotoka Mahakama Kuu, kosa ambalo si wao waliolifanya. Hoja ya urithi wenyewe haikusikilizwa. Wakati huo wote hakuna aliyekuwa akiwalipia kodi ya nyumba.

Baada ya hapo wakaenda nje. Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2006 ikakubali Itifaki ya Hiari inayomruhusu mwanamke mmoja mmoja kulalamika mbele ya Kamati ya mkataba huo. WLAC pamoja na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani wakapeleka malalamiko, yakapewa namba 48/2013. Machi 2015 Kamati ikatoa maoni yake: nchi imekiuka mkataba. Imewanyima wajane hawa usawa katika kurithi na kusimamia mali, imewanyima usalama wa kiuchumi, na mahakama zake hazikuwapa nafuu iliyostahili. Kamati ikataka wawili hao walipwe fidia, na kanuni za kimila zinazobagua zifutwe au zirekebishwe, tangazo la 1963 likiwemo. Tangazo hilo lilikuwa na umri wa miaka 52 siku hiyo.

Maoni ya Kamati hayabadilishi hatimiliki ya nyumba yoyote. Lakini wakili anaweza kuyataja mbele ya hakimu, na nimefurahi kila nilipomsikia mmoja akifanya hivyo.

Turudi nyumbani, kwa mjane ambaye msimamizi wake amekwisha kuteuliwa na si yeye. Bado hajashindwa. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo, Tangazo Namba 49 la mwaka 1971, zinamtaka msimamizi apeleke mahakamani, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe au muda zaidi atakaoruhusiwa, orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni. Hiyo ni Fomu Namba 5. Baadaye hesabu za makusanyo, matumizi na mgawo hupelekwa kwa Fomu Namba 6. Mahakama Kuu inampa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mrithi au mdai ana haki ya kulifuatilia jalada na kuuliza kama fomu hizo zimeingia. Tafadhali usiogope kuuliza. Karani wa mahakama atakutajia namba ya mirathi, iandike, utunze karatasi hiyo pamoja na cheti cha kifo.

Msimamizi aliyeficha mambo alipoomba, au anayekwenda kinyume na maslahi ya warithi kwa makusudi au kwa uzembe, anaweza kuondolewa kwa maombi ya mwenye maslahi. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Jambo moja linahitaji haraka: Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mirathi ikiwa imesimamiwa hadi mwisho na hesabu kuwasilishwa, hakuna tena usimamizi wa kutengua. Mjane anayesubiri mpaka "wagawe kwanza tuone" anaweza kukuta jalada limefungwa.

Kuna pia mali ambazo hazipaswi kuingia katika mirathi hata kidogo, na hapa makosa ni mengi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mume na mke wakisajiliwa kama wamiliki wa pamoja wasio na hisa zilizotenganishwa, mmoja akifa ardhi inabaki kwa aliyebaki. Hairithiwi na shemeji wala baba mkwe. Wakiwa wamiliki wenye hisa, hisa ya marehemu tu ndiyo inayoingia kwenye mirathi, na ile ya mke ni yake tangu zamani. Kwa hiyo mjane aangalie hatimiliki kabla ya kikao cha ukoo, si baada. Wapo waliokaa kwenye mkeka wakisikiliza nyumba yao wenyewe ikigawanywa.

Na wosia? Jedwali la tatu la tangazo lile la 1963 linamruhusu mtu kuacha wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wao wa ukoo, au wa maandishi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili kama anajua kusoma na kuandika, mmoja awe wa ukoo. Waume wengi wanaogopa kwamba kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Baba wa Holaria Pastory hakuogopa, na ni wosia wake uliompa binti yake kitu cha kusimamia mbele ya jaji.

Kuhusu njia ile ambayo Mahakama Kuu iliwaonyesha E.S. na S.C., ipo kweli, na si ngumu kama inavyosikika. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kinairuhusu halmashauri ya wilaya kumpelekea Waziri mapendekezo ya kurekebisha mila ya eneo lake, na Waziri akiridhika anatoa amri. Madiwani wa Usukumani hukutana kila robo mwaka. Kinachohitajika ni diwani mmoja kuiweka kanuni ya 27 kwenye ajenda, na mwingine kumuunga mkono.